Saa ya Ndege

Mwaka wangu wa tatu chuoni nilikuwa mtu wa kujisikia sana, na sioni sababu ya kuficha. Nilikuwa nasomea shahada ya mawasiliano ya umma, na tayari nilikuwa na kipindi changu redioni. Wenzangu wa bweni walijua, kwa sababu niliwaambia. Mama lishe wa nje ya geti alijua. Hata mlinzi, ambaye hakuwahi kuniuliza kitu zaidi ya kitambulisho, alijua.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha dakika ishirini, cha wakulima wa mpunga, na kilirushwa kila Jumamosi na kituo kidogo cha redio pale Ifakara, mji niliozaliwa. Nilikipata mwisho wa mwaka wa pili, wakati wa mafunzo kwa vitendo, yale tunayoyaita fildi. Wanafunzi wengine wakienda fildi hutumwa chai na kupanga mafaili. Mimi siku ya tatu niligonga mlango wa mkuu wa vipindi nikamwambia kwamba bonde zima linalima mpunga na redio yake inapiga muziki kuanzia alfajiri mpaka usiku. Aliniangalia juu ya miwani.

"Sasa wewe unataka nini?"

"Dakika ishirini."

"Za saa ngapi?"

Nilijibu bila kupepesa macho, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkulima anaamka mapema."

Saa hiyo ilikuwemo kwenye daftari langu. Darasani tulifundishwa kwamba kila msikilizaji ana saa yake: mwenye ofisi akiwa njiani kwenda kazini, mwanafunzi jioni, mkulima alfajiri kabla hajashika jembe. Swali kuhusu saa hizo lilitoka kwenye mtihani na nililipata lote. Mkuu wa vipindi alikuna kidevu, akasema haya, tujaribu. Likizo ile nzima nilirekodi vipindi kumi na viwili vya kutosha msimu mmoja, kuanzia mpunga unapochanua hadi unapoingia ghalani.

Cha kwanza kilihusu kuamia ndege. Mpunga ukianza kutunga, kwelea hushuka shambani makundi kwa makundi, na shamba lisilo na mtu wa kuwafukuza linaweza kubaki nyasi tupu ndani ya siku chache. Nilieleza mambo yote hayo kwa sauti nzito niliyoifanyia mazoezi bafuni. Nilieleza kombeo, nilieleza kamba zenye makopo, nilieleza umuhimu wa kuwahi asubuhi sana. Niliposikia rekodi yangu mara ya kwanza nilijipigia makofi peke yangu studio.

Sasa, ili uhitimu shahada yetu, mwaka wa tatu lazima ufanye utafiti wako mwenyewe na uuandike. Wenzangu walihangaika na mada wiki nzima. Mimi niliamua kutafiti jinsi wakulima wa Mofu wanavyosikiliza kipindi changu. Msimamizi wangu, mhadhiri wa kike asiyecheka bure, alisoma mada ile mara mbili.

"Ni mada nzuri," akasema. "Ila uangalie usije ukaenda kujitafutia sifa."

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Nilichagua Mofu kwa sababu mama analima huko, kando ya mto. Baba anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa upande wa juu wa bonde na huja nyumbani akipata nafasi, kwa hiyo mpunga ni wa mama kuanzia kulima hadi kupeta. Kila mwaka mvua zikishika, mama anafunga nyumba yetu ya Ifakara na kuhamia shambani, na harudi mpaka mpunga uwe kwenye magunia. Mimi nilikuwa shule ya bweni tangu kidato cha kwanza, kisha chuo, kwa hiyo msimu wa mpunga ulikuwa unanikuta siku zote nikiwa darasani.

Nilienda Pasaka, na rundo la madodoso kwenye begi, karatasi za maswali zilizochapwa vizuri zenye vijisanduku vya kuweka alama. Sikutaka kuzunguka matopeni kumtafuta mtu mmoja mmoja. Nilifanya hesabu ya mtu mwerevu: siku ya Pasaka wakulima wote huacha mashamba wakaja misa, ukisimama mlango wa kanisa unawapata kwa mkupuo. Ndivyo nilivyofanya. Misa ilipokwisha nilisimama mlangoni na kalamu zangu, watu wakitoka wamependeza, vitenge vipya vinanukia sanduku.

"Shikamoo mama. Samahani, mimi ni mwanafunzi wa chuo, nina maswali machache."

"Marahaba mwanangu. Uliza tu."

"Je, huwa unasikiliza kipindi cha wakulima wa mpunga, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi?"

"Nasikiliza sana."

"Kipindi kinakusaidia?"

"Kinasaidia sana, mwanangu. Mungu akubariki."

Na wa pili hivyohivyo, na wa tatu, na wa kumi. Kulikuwa na swali moja la kuandika, linalouliza kipindi kimekufundisha nini, na karibu wote waliniambia niandike "mambo ya kilimo". Niliandika mambo ya kilimo, mambo ya kilimo, mambo ya kilimo, mpaka mkono ukauma.

Mama hakutaka nimwandikie. Alikaa kwenye benchi la nyuma kanisani, akaweka karatasi juu ya kitabu chake cha nyimbo, akasoma kila swali akisogeza kidole, kisha akaweka alama penye "Ndiyo, kila Jumamosi". Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili.

"Nakusikia, mwanangu," akasema. "Unaongea vizuri mno."

Nilirudi chuoni nikiwa juu juu. Njia nzima nilikuwa nawaza nitavaa viatu gani siku ya mahafali.

Msimamizi wangu alipitia madodoso yale moja baada ya jingine. Alikuwa na kalamu nyekundu mkononi lakini hakuitumia. Alipofika la mwisho akayagongesha mezani yakae sawa.

"Wote wanasikiliza," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Kila Jumamosi."

"Ndiyo."

"Hakuna hata mmoja aliyewahi kulala, kuugua, wala kuishiwa betri."

Nikaangalia kalamu yake nyekundu.

"Na wote wamefundishwa mambo ya kilimo. Wewe ukienda kwa jirani akakukaribisha ugali, ukamuuliza kama umeiva, atakujibu nini? Hawa hawakujibu maswali yako. Walikukaribisha." Akanisogezea rundo langu. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nenda ukakae nao. Una wiki mbili. Ukiniletea haya tena sitasaini, na bila saini yangu utahitimu mwakani na wadogo zako."

Nilitoka pale nimevimba. Nilimlaumu msimamizi, nikamlaumu aliyevumbua vijisanduku, nikalia kidogo nyuma ya maktaba. Nilikuwa nimeshamwambia mama aanze kushona gauni la mahafali. Ningeanzaje kumwambia aliweke mpaka mwakani? Nilimpigia simu, sikumwambia hata nusu.

"Mama, Ijumaa nakuja huko shamba. Nitakaa na wewe dunguni."

Nikasikia kuku wake nyuma.

"Kuna matope sana," akasema. "Wewe nenda Ifakara upumzike. Mimi nitakuja tuonane mjini."

"Mama, lazima niwaone wakulima wakiwa shambani."

"Si uliwaona Pasaka?"

Sikumwelewa. Mtu mwingine angeelewa.

Ijumaa hiyo nilipanda gari linaloelekea Mlimba, nikashuka njiani, nikachukua bodaboda mpaka ilipozama kwenye tope, nikavua viatu nikamalizia kwa miguu. Mpunga ulikuwa umefika kifuani, umeanza kupiga rangi ya dhahabu huku na kule, na juu yake madungu yamesimama, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa kwa nguzo ili anayelinda aone mbali. Nilihesabu madungu tisa kuelekea mtoni kabla macho hayajachoka. Mama aliponiona alishuka ngazi akicheka, akanikumbatia na matope yangu yote.

Dungu la pili baada ya letu lilikuwa la bibi mmoja mwembamba mwenye kombeo shingoni. Si ndugu yetu, lakini ametulea sote, na kwa kuwa ni bibi, utani wake na sisi wajukuu hauna mpaka. Tangu nikiwa mdogo ananiita mke mwenza.

"We mke mwenza!" akaniita kutoka kwake. "Umekuja kunisaidia kupika, au umekuja na makaratasi?"

"Nimekuja kukunyang'anya mume," nikamjibu, na watu wa madungu ya jirani wakacheka. Ule ulikuwa mrejesho wangu wa kwanza wa kweli toka nianze utafiti, lakini sikuuandika.

Jumamosi niliamka kabla ya jua nikiwa na hamu kubwa. Nilikuwa na redio ndogo yenye betri mpya na daftari safi. Mpango wangu ulikuwa kukaa na mama asikilize, mimi niandike anavyosikiliza. Mama alikuwa ameshaamka zamani. Alikuwa amesimama ukingoni mwa dungu na kombeo mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kamba nne zilizosambaa shambani, kila moja imefungwa makopo.

"Mama, nusu saa bado. Kaa basi."

Alikuwa anaangalia upande wa mto.

Walikuja kabla sijamaliza kufunga khanga. Niliona kama moshi mwembamba juu ya matete, ukajipinda, ukashuka kwenye mpunga wa dungu la mbali. Kutoka huko ikapigwa kelele moja ndefu, dungu la pili likaipokea, la tatu likaipokea, mpaka ikafika kwa bibi na kwetu, na mama akavuta kamba zote nne kwa nguvu ya mwili mzima. Makopo yakalia. Kombeo likalia. Mama akapiga yowe ambalo sikujua anaweza kulipiga, huyu mama yangu anayeimba sauti ya chini kanisani. Kundi likapaa, likazunguka, likashuka pengine, na huko nako kelele zikaanza.

"Shika kamba!" mama akaniambia, na nikaitupa kalamu.

Katikati ya vurugu hiyo nikakumbuka redio. Nikaiangalia saa: kumi na mbili na nusu na dakika kadhaa. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaisogeza sikioni. Siku hiyo kituo kilikuwa kinarudia kipindi cha kwanza, kwa maombi ya wasikilizaji, maana niliwapelekea taarifa ya madodoso yangu nikawaambia watu wamekipenda. Nikasikia vipande vya sauti yangu nzito ya bafuni. Ilikuwa inasema: "... ndugu mkulima, ni muhimu kuwahi asubuhi sana ..."

Kila mtu kwenye uwanda ule alikuwa amewahi. Nilikuwa ninawafundisha kuamia ndege saa ileile wanayoamia ndege, na hakuna aliyeweza kunisikia kwa sababu alikuwa anaamia ndege.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya dungu. Na jambo linaloniumiza mpaka leo ni kwamba nilijua. Nikiwa darasa la tatu nililala kwenye dungu lile, nikavuta kamba zile, nikakauka koo. Nilijua saa ya ndege kabla sijajua kusoma saa. Halafu nikaenda shule, nikaambiwa mkulima anasikiliza alfajiri, nikaandika, nikapata alama zote.

"Usikae!" mama akanipigia kelele. "Wanarudi!"

Hali hiyo iliendelea mpaka saa nne kasoro, jua lilipokuwa kali na ndege wakaenda kujificha kwenye matete. Uwanda ukanyamaza. Moshi wa mafiga ukaanza kupanda huku na huku. Mama akashuka kuchota maji, na mimi nikaenda kwa bibi, sikio bado linavuma.

"Bibi," nikasema, na nilikuwa karibu kuanza na shikamoo, akanikatisha.

"Umeniletea makaratasi?"

"Sina makaratasi. Wewe kizee mwongo, Pasaka uliniambia unasikiliza kipindi changu kila Jumamosi."

Akacheka mpaka akashika nguzo.

"Mke mwenza, ulinikuta nimevaa kitenge kipya, nimetoka kupokea komunyo, ukaniamkia vizuri, mtoto wa jirani yangu, umesoma. Nikuambie sijawahi kukusikia hata siku moja? Mimi sina adabu?"

"Na wengine?"

"Wengine ndiyo hawana adabu?" Akafuta macho. Kisha akapunguza sauti, akaangalia kule mama alikoshuka. "Hata yule hajakusikia. Jumamosi ya kwanza alipanda na redio dunguni. Alikuwa ameifunga kifuani kwa khanga, huku anavuta kamba. Ndege walimlia kona nzima upande wa mtoni kwa sababu alikuwa anajaribu kusikia. Hakusikia kitu. Tangu hapo anaiacha chini."

Nikageuka kutazama. Kona ya upande wa mtoni ilikuwa imesimama majani matupu, meupe. Jana nilikuwa nimeipita nikadhani ni maji yameiharibu.

Ningeweza kukuambia nililia, na nililia kidogo. Lakini nikisema kweli, chini ya kilio kile kulikuwa na kitu kingine kinanichemka, na kilikuwa furaha. Miaka mitatu mwalimu alituchorea ubaoni duara na mishale: mtoa ujumbe, njia, mpokeaji, mrejesho, na mishale mingine ya kupindapinda iliyoandikwa "kelele". Nilikariri vyote. Siku ile kwa mara ya kwanza niliviona vikitembea kwa miguu yao. Nilijua kwa nini kipindi hakisikiki. Nilijua kwa nini madodoso yalidanganya. Na hakuna kitabu kilichoniambia. Niliruka kutoka dunguni kwa bibi badala ya kutumia ngazi, nikazama tope mpaka magotini, nikaendelea kukimbia.

Wiki iliyofuata ilikuwa tamu sana. Asubuhi nilivuta kamba na mama. Ndege wakipumzika nilizunguka madungu pamoja na bibi, bila karatasi, na yeye ndiye alikuwa anafungua mlango. Akifika anasema, "Huyu mke mwenza wangu amefukuzwa chuo kwa uongo wenu wa Pasaka, semeni kweli leo." Watu wanacheka, na wakishacheka wanasema. Mmoja alisema aliwahi kusikia dakika mbili, akafikiri natangaza kifo. Mwingine alisema sauti yangu imekaa kama ya mtu wa mkoani anayetafuta kura. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia zile "Mungu akubariki" zote za Pasaka. Nikawauliza, kwani redio mnafungua saa ngapi? Kila dungu jibu lilikuwa lilelile, na safari hii halikuwa la adabu, kwa sababu nilikuwa nawaona: saa saba mchana, watu wameshakula, wamejinyoosha, redio imetundikwa kwenye nguzo, na ndege hawarudi mpaka saa tisa.

Mama sikumwambia alichoniambia bibi. Na yeye hakusema. Tulikuwa tunakula wali wetu tukiongea habari za kuku.

Mtandao wa simu Mofu unapatikana juu ya kichuguu kimoja karibu na njia. Jumatano nilipanda pale nikampigia mkuu wa vipindi.

"Shikamoo. Naomba tuhamishe kipindi. Saa saba mchana."

"Saa saba nina muziki unaoombwa na wasikilizaji, nao ni wengi. Wewe si ulisema mkulima anaamka mapema?"

"Anaamka mapema kufukuza ndege. Nilikosea."

Sijui kama alikuwa ameshawahi kusikia mtu wa fildi akisema neno hilo.

"Jumamosi hii moja," akasema. "Nijue kama kuna mtu."

Niliteremka kichuguu nikiwa siamini. Habari sikuzipeleka mimi. Nilimwambia bibi, bibi akaweka mikono mdomoni akaita dungu la tatu, la tatu likaita la nne, na nikasikia "Jumamosi saa saba" ikienda kuelekea mtoni mpaka ikapotea. Baada ya muda ikarudi kutoka mwisho kabisa, ikipokezanwa vilevile: "Tumesikia." Hapo niliandika daftarini.

Jumamosi yenyewe, ndege waliondoka saa nne na nusu. Mama alipika samaki wa kukaushwa. Saa sita na nusu alitundika redio kwenye nguzo, akanawa mikono na uso kana kwamba kuna mgeni anakuja, akakaa ameegemea magunia matupu. Mimi nilijikunja pembeni. Nilikuwa na woga kuliko siku ya mtihani wowote.

Kipindi kilihusu kuanika mpunga. Nilikuwa nimekirekodi miezi mingi nyuma, na nilikuwa nimesahau kilichomo. Sauti ile nzito ikaanza, mama akainamisha kichwa. Hakutikisika. Nzi alimtua mkononi hakumfukuza. Nilieleza jamvi, nilieleza kugeuza, kisha sauti yangu redioni ikasema: "Sasa utajuaje kama umekauka? Kuna mama mmoja ninayemfahamu, analima Mofu. Yeye huchukua punje moja akaing'ata kwa jino la pembeni. Ikilia ka, anafunga gunia. Ikinyamaza, anaiacha juani. Mpunga wake haujawahi kuota ukungu, na mimi ndiye niliyelelewa kwa mpunga huo."

Mama akainua uso.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe."

"Uliniweka humo?"

"Niliweka, mama."

Muziki wa kufungia ukapigwa. Ndipo akasimama ukingoni mwa dungu, pale anaposimama kufukuza ndege, akaweka mikono mdomoni na kumwita bibi. "Mmesikia?"

Bibi akajibu kwamba amesikia, na kwamba yeye hung'ata kwa meno ya mbele kwa sababu ya pembeni yameisha. Dungu la tatu likasema limesikia. Nikasikia neno likienda hivyo, tumesikia, tumesikia, sauti za watu nisiowajua kwa sura, mpaka mtoni.

Mama akakaa. Akavuta khanga, akajifuta uso, akaniangalia moja kwa moja kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Ile karatasi yangu ya Pasaka unayo?"

Nilikuwa nayo, kwenye rundo lililokataliwa. Nikaitoa begini. Akaiweka juu ya kitabu cha nyimbo, akatafuta pale alipoweka alama kanisani, akaikata kwa mistari miwili, akaweka nyingine penye "Hapana". Aliinama akaandika kitu pembeni, polepole, akakunja karatasi mara nne, akanipa kwa mikono miwili.

"Mpelekee mwalimu wako," akasema. "Mwambie nilisema uongo kwa sababu ilikuwa Pasaka."

Saa tisa ndege walirudi, tukashika kamba.

Sikuikunjua ile karatasi. Niliipeleka chuoni ilivyo, nikaiweka juu kabisa ya daftari langu lenye matope, na msimamizi wangu akaanza na hiyo. Aliangalia alama iliyokatwa, akaangalia alama mpya, akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia ni mama. Akaisogeza dirishani ili aone maandishi ya pembeni, kisha akayasoma kwa sauti:

"Saa saba nipo."

Akaiweka chini, akatafuta kalamu yake, akasaini.